7A-FE juu ya kompyuta ya 4A-FE: shajara ya mradi

Hali ilivyo

Gari ni Corolla AE101 ya gia za mkono. Injini yake, 4A-FE, ilichoka: inakula oili, inatoa moshi, na kompresheni ya silinda mbili imeanguka. Nimeitoa. Inaingia 7A-FE iliyofunguliwa kwenye Toyota nyingine, ambayo imekuja na manifoldi (mabomba ya kugawa hewa kwa silinda), nozeli za kumwaga petroli na distribyuta yake ya kugawa cheche. Kompyuta inayoongoza injini haikuja, wala wayaringi. Muuzaji alishaukata mkungu wote wa nyaya kwa msumeno ili injini itoke haraka.

Kwa hiyo nina injini ya cc 1,762 na kompyuta iliyoandikwa kwa ajili ya injini ya cc 1,587. Ukimuuliza fundi yeyote atakwambia zinaoana, funga tu, itawaka. Naamini itawaka. Ninachotaka kujua ni nini kinatokea nikikanyaga mafuta hadi chini nikiwa gia ya nne kwenye mlima, na hilo hakuna aliyenijibu kwa namba.

Hesabu kabla ya spana

Injini hizi ni ndugu. Kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 81. Tofauti iko kwenye krenki, shafti inayozungushwa na pistoni: pistoni ya 4A husafiri milimita 77, ya 7A husafiri 85.5, na bloku imeinuliwa kidogo ili urefu huo utoshee. Uwiano wa mbano kwenye toleo la kawaida ni 9.5 kwa 1 kwa zote mbili. Kichwa cha silinda ni cha ukoo mmoja. Ndiyo maana ubadilishaji huu umefanywa na watu wengi sana, na ndiyo maana watu huona hakuna la kufikiria.

Tatizo ni jinsi kompyuta hii inavyojua kiasi cha mafuta ya kumwaga. Haipimi hewa inayoingia. Inapima presha ndani ya manifoldi, joto la hewa na mizunguko ya injini, kisha inakwenda kwenye jedwali lake: kwa presha hii na mizunguko hii, silinda ya 4A humeza hewa kiasi fulani, basi fungua nozeli kwa milisekunde kadhaa. Ukubwa wa injini haujaandikwa mahali pamoja ambapo ungeweza kuufuta na kuandika mwingine. Umeenea ndani ya jedwali zima.

Gawanya 1,762 kwa 1,587, unapata 1.11. Kila silinda ya 7A inavuta hewa zaidi kwa asilimia 11 hivi kwenye presha ileile, na kompyuta haina habari. Itamwaga mafuta ya 4A. Gari likienda taratibu sensa ya oksijeni itaona upungufu na kompyuta itaongeza. Lakini ukikanyaga hadi mwisho, kompyuta inaacha kuisikiliza sensa hiyo, inafuata jedwali peke yake. Kama jedwali lililenga sehemu 12.5 za hewa kwa moja ya petroli, injini kubwa itapata 13.9. Bado itavuta, na huenda dereva asihisi kitu. Ila joto la chumba cha moto linapanda, na injini inaanza kugonga (mchanganyiko kulipuka wenyewe ndani ya silinda) mahali ambapo haikupaswa.

Kama gari hili lingekuwa na mita ya hewa kwenye bomba la kuingilia, hadithi ingekuwa nyingine. Mita ingeiona hewa ya ziada yenyewe, na wasiwasi ungehamia kwenye nozeli: zinatosha au zinaishiwa? Kabla hujachukua ushauri wa mtu kuhusu kompyuta isiyo ya injini yako, muulize kwanza gari lake linapimaje hewa. Wawili wanaweza kubishana usiku kucha, kila mmoja akiwa sahihi kwa gari lake.

Nyaya

Nimeacha wayaringi ya gari ilivyo, nikahamisha sensa na distribyuta ya 4A kwenye injini mpya. Distribyuta ndiyo inayoiambia kompyuta krenki iko wapi na inazunguka kasi gani, na meno ya ndani hayafanani kwa matoleo yote. Kanuni yangu: distribyuta inafuata kompyuta, haifuati injini. Inakaa vizuri kwenye kichwa cha 7A, na mpangilio wa kuwaka ni uleule, 1-3-4-2.

Nozeli nimefunga zile za 4A kwa sasa. Ni makusudi. Nataka kuona hali mbaya kwanza, nipate namba za kulinganisha.

Kabla ya kugusa ufunguo nilipita na mita. Sensa ya joto la maji: kilo-omu 2.4 ikiwa baridi, na kitabu kinataka kati ya 2 na 3 kwa nyuzi 20. Ufunguo ukiwa umewashwa bila injini, waya wa VC unaolisha sensa unatoa volti 5, na PIM, waya wa ishara wa sensa ya presha, unasoma 3.6, inayokubalika ni kati ya 3.3 na 3.9. Nikanyonya mpira wa vakyumu kwa pampu ya mkono, volti zikashuka bila kusitasita. Nyaya za ethi zinazofungwa kwenye manifoldi nilizisugua hadi chuma kikang'aa. Hizo ndizo watu huzisahau, kisha wanailaumu kompyuta.

Kitu kingine: IGT na IGF, ishara mbili za mfumo wa cheche. Kompyuta inatuma IGT kwa ignaita, ignaita inaifanya koili itoe cheche na kurudisha IGF kama jibu. IGF isiporudi, kompyuta inakata mafuta. Ukiwa na cheche moja mbili halafu kimya, angalia hapo kabla ya kununua pampu.

Imewaka

Imewaka bila ubishi. Silensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) imetulia baada ya kutoa hewa kwenye mfumo wa maji. Taa ya injini imezima.

Nikaunganisha vitobo vya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti. Taa inapepesa sawasawa bila kituo, maana yake hakuna namba yoyote ya hitilafu. TE1 na E1 zikiwa bado zimeungana, taimingi ya msingi, yaani wakati wa kutoa cheche, inapaswa kusoma nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kilele. Nikasogeza distribyuta hadi alama ikakaa hapo, nikaifunga.

Nikatoka nalo barabarani kwa upole. Linavuta kuliko zamani, hasa chini, gia ya pili inatosha mahali palipohitaji ya kwanza. Mtu angeishia hapa. Anafunga boneti, anaosha mikono, anawaambia wenzake kompyuta ya 4A haina shida na 7A. Nadhani ushauri mwingi unaozunguka kuhusu injini hizi ulizaliwa saa kama hii.

Kitobo cha VF

Kwenye kile kisanduku cha uchunguzi kuna kitobo cha VF1 ambacho watu wengi hawakijui. TE1 na E1 zikiwa hazijaunganishwa, kinatoa volti zinazoonyesha kompyuta imejifunza kusahihisha mafuta kwa kiasi gani. Ziko ngazi tano: 2.5 maana yake jedwali linatosha lilivyo, 3.75 inaongeza kidogo, 5 inaongeza sana, 1.25 inapunguza kidogo. 0 inapunguza sana.

Nilikuwa nimepima kabla ya kuitoa injini ya zamani, ikiwa mbovu hivyohivyo: 2.5. Leo, baada ya kuendesha hadi injini ikashika joto na kuipa kompyuta muda wa kujifunza, mita inasoma 5.

Yaani kompyuta iko kwenye ngazi ya mwisho ya kuongeza, na bado taa haijawaka. Namba 25, ambayo ndiyo ya mafuta pungufu, haikujiandika. Kwa upande wake mambo ni shwari: sensa ya oksijeni inabadilika inavyotakiwa, sahihisho linatosha. Nilihakikisha na hilo pia. Ukiunganisha TE1 na E1, VF hugeuka na kuonyesha mwenendo wa sensa ya oksijeni, na kwa mizunguko 2,500 kwa dakika sindano inapaswa kuruka mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 10. Inaruka vizuri tu.

Sensa haijaharibika, na kompyuta haijakosea chochote. Kila kimoja kinafanya kazi yake, na ndani ya utulivu huo kuna injini inayoishi kwa masahihisho. Sasa ni kuona kinachobaki masahihisho yakiondolewa.

Sensa ya wigo mpana

Sensa ya oksijeni ya gari hili inajua mambo mawili tu: mafuta yamezidi au yamepungua. Volti zake hubadilika ghafla karibu na 0.45, na nje ya hapo haikupi kiasi. Kwa kazi hii nimeazima sensa ya wigo mpana yenye kidhibiti chake, nikachomelea kiota kwenye bomba la moshi kabla ya katalisti. Hakikisha hakuna tundu kwenye bomba kabla ya sensa, maana hewa ya nje ikiingia utasoma upungufu ambao haupo.

Barabara iliyonyooka, tupu, gia ya tatu, kanyagio hadi chini kuanzia mizunguko ya chini. Msaidizi anashika kompyuta ya mpakato, mimi naangalia mbele. Matokeo, sehemu za hewa kwa moja ya petroli, yakiwa yametulia:

mizunguko 3,000 ni 14.2
mizunguko 4,500 ni 13.8
mizunguko 5,500 ni 13.3

Kwa injini iliyo chini ya mzigo kamili nataka kuona kati ya 12.5 na 13. Ile 14.2 inanitisha, kwa sababu iko palepale ambapo 7A hujaza silinda zake vizuri zaidi. Ukitazama umbo la namba utaona jambo zuri: upungufu mkubwa uko katikati, na unapungua kadiri mizunguko inavyopanda. Hesabu yangu ya asilimia 11 ilidhani injini zote mbili zinapumua kwa namna moja. Hazipumui hivyo. Kichwa kinachokaribiana na cha 4A kinailisha injini kubwa zaidi, basi chini 7A inajaa vizuri, juu inaanza kubanwa na milango ya hewa. Jedwali la 4A linakosea kwa kiasi tofauti kila mahali.

Kwenye mlima, gia ya nne, mizunguko 2,500, niliisikia ikigonga kwa mbali. Kidogo tu, lakini nimesikia. Wayaringi hii haina waya wa sensa ya kugonga, kwa hiyo hakuna wa kurudisha taimingi nyuma. Nimeacha kuikanyaga hadi nirekebishe.

Njia zilizokuwepo

Ya kwanza, kuongeza presha ya mafuta. Mtiririko wa nozeli hukua kwa kipeuo cha pili cha presha, hivyo kupata asilimia 11 zaidi unahitaji presha mara 1.23. Mfumo huu unafanya kazi kati ya kPa 265 na 304 mpira wa vakyumu ukiwa umetolewa. Wangu unasoma 285. Ningehitaji karibu 350. Inawezekana, kuna regyuleta za kurekebisha. Lakini pampu ni ya zamani, na kadiri presha inavyopanda ndivyo pampu inavyotoa kidogo. Sipendi kuipa kazi zaidi halafu niitegemee mahali ambapo kushindwa kwake kunayeyusha pistoni.

Ya pili, kompyuta ya kujipangia mwenyewe. Hilo ndilo jibu sahihi kabisa na ndilo lenye kazi kubwa kabisa. Si kwa gari la kwendea kazini.

Ya tatu ilikuwa imekaa kwenye boksi chini ya meza: nozeli za 7A zenyewe.

Nozeli

Kompyuta haijui kiasi cha petroli kinachotoka. Inajua muda tu. Ukiweka nozeli inayomwaga zaidi kwa muda uleule, umelikuza jedwali lote kwa uwiano mmoja: kuwasha kwa baridi, kukanyaga ghafla, mzigo kamili, vyote. Na injini nayo imekua kwa uwiano unaokaribiana na huo. Ni dawa inayofanana na ugonjwa.

Jambo la kuangalia kwanza ni ukinzani wa koili ya nozeli. Zote nane zilisoma karibu omu 13.8. Ungepata nozeli za omu 2 au 3, usizifunge hivihivi. Zitavuta umeme mwingi kuliko transista za kompyuta zinavyoweza kubeba, na utakuwa umeongeza kompyuta iliyoungua kwenye mradi.

Halafu nikapima kinachotoka. Nozeli kwenye reli yake, pampu imewashwa kwa kuunganisha vitobo vya +B na FP kwenye kisanduku cha uchunguzi, nozeli imepewa volti 12 kwa sekunde 15 ndani ya kikombe chenye alama. Nje, mbali na cheche yoyote, kizima moto karibu. Nyaya za nozeli ziunganishwe upande wa nozeli kwanza na upande wa betri mwisho, betri ikiwa mbali na mvuke. Za 7A zilitoa takribani asilimia 9 zaidi ya zile za 4A. Moja ilikuwa nyuma ya wenzake, nikaiosha kwa mashine ya mawimbi, ikarudi kwenye mstari. Oringi zote mpya, zikipakwa oili kabla ya kuingia.

Tahadhari kwa anayetaka kuiga: kuna 7A zilizotengenezwa kuchoma mafuta machache sana, na vifaa vyake vya mafuta havifanani na vya 7A ya kawaida. Usinunue nozeli kwa jina la injini. Pima.

Namba baada ya nozeli

Barabara ileile, gia ileile:

mizunguko 3,000 ni 13.0
mizunguko 4,500 ni 12.7
mizunguko 5,500 ni 12.2

VF baada ya kujifunza upya (nilitoa fyuzi ya kompyuta kwanza ili isahau masahihisho ya zamani) imetulia kwenye 3.75, na wakati mwingine inashuka hadi 2.5. Asilimia mbili zilizopungua ndizo hizo.

Ile ya juu, 12.2, ni mafuta mengi kuliko ninavyopenda, na kuna nguvu kidogo inapotea hapo. Naiacha. Injini inayopoteza farasi wawili kwa mafuta ya ziada huishi. Inayopata farasi wawili kwa kubaniwa mafuta huja kufunguliwa. Kule kusita nikikanyaga ghafla, ambako sikuwa nimekuandika kwa sababu nilidhani ni kebo, kumetoweka.

Mlimani bado nilisikia kugonga mara moja, siku ya joto kali. Jedwali la taimingi ni la 4A bado, na nozeli haziligusi. Nimerudisha distribyuta hadi nyuzi 8. Kimya.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho kompyuta hii haikijui. Inakata mafuta kwenye mizunguko ya juu kwa kipimo cha krenki fupi. Kwa mizunguko 6,500, pistoni ya 4A hukimbia wastani wa mita 16.7 kwa sekunde. Ya 7A, kwa mizunguko hiyohiyo, mita 18.5. Nimebandika ukanda mwekundu kwenye dashibodi kwenye 6,000. Juu ya hapo injini hii haina cha kutoa, kwa hiyo sipotezi kitu.

Kompyuta ya 7A imepatikana

Imefika, jina sahihi kwenye kibandiko, ila ilitoka kwenye gari la otomatiki. Soketi zinaingia kwenye wayaringi yangu bila kusukuma. Hapo ndipo mtu hujiua. Umbo la soketi halisemi lolote kuhusu pini. Nilianza na zile zinazoweza kuchoma: za umeme (BATT, +B) na za ethi (E1, E01, E02). Nimezifuata kwenye ubao wenyewe kwa mita, pini kwa pini, nikaziandika kando ya zile za 4A. Za umeme na ethi zinalingana. Zilizobaki zinatofautiana sehemu kadhaa, na nyingi kati ya hizo ni za gia boksi.

Nikiifunga ilivyo itatafuta solenoidi za gia ambazo hazipo, itawasha namba za hitilafu 62 na 63, na haitajua kama niko kwenye nyutro au gia kwa sababu swichi yake haipo. Hayo yanavumilika au yanadanganyika kwa resista. Lisilovumilika nililikuta nilipoufungua mfuniko: harufu ya samaki aliyeoza na unyevu wa kahawia chini ya kondensa tatu. Kompyuta za miaka ya 1990 zina ugonjwa huu, kimiminika cha ndani ya kondensa kinavuja na kula njia za shaba. Mwenye kununua kompyuta ya zamani afungue kabla ya kuunganisha, hata kama ameapiwa kwamba ilitoka kwenye gari linalotembea.

Ilipofikia sasa

Gari linatembea kila siku na kompyuta ya 4A, distribyuta ya 4A, nozeli za 7A, taimingi nyuzi 8. Plagi nilizozitoa zina rangi ya kahawia hafifu, zote nne zinafanana. Sensa ya wigo mpana nimeirudisha kwa mwenyewe, kiota kimezibwa kwa bolti.

Kompyuta ya 7A iko mezani. Kondensa mpya za kuhimili nyuzi 105 zimeagizwa, na njia moja ya shaba iliyoliwa nitaipitia kwa waya mwembamba. Ikipona nitaazima tena ile sensa na kurudia vipimo vilevile vitatu, gia ya tatu, kwenye barabara ileile, distribyuta ikiwa imerudi kwenye nyuzi 10. Ikikaa kati ya 12.5 na 13 kuanzia 3,000 hadi 5,500, na mlima ukabaki kimya, nitashughulikia nyaya za gia boksi na kuiacha ndani. Isipofanya hivyo, ya 4A inabaki.